Mkwe Mwenye Kamera

Mzee Filipo alifariki alfajiri, na kabla maiti yake haijanyooshwa vizuri kitandani, mtu wa kwanza kutajwa pale nyumbani hakuwa katekista wala seremala. Alitajwa mkwe wake, Chediel, kwa sababu alikuwa na kamera.

Sisi watu wa Mtinko ndivyo tulivyo. Kitu kipya kikiingia kwetu tunakicheka mpaka tuchoke, kisha tunakitegemea kana kwamba tumezaliwa nacho. Miaka ile mtu akitaka picha alikwenda Singida mjini, akakaa mbele ya pazia lenye maua, akakodoa macho, akaambiwa arudi wiki ijayo. Chediel ndiye aliyetuletea kamera ya dijitali ya kwanza, ndogo kama kipande cha sabuni. Tulipomaliza kumcheka, tukaanza kuchana nywele kila tulipojua tutapita karibu naye.

Kazi yake hasa ilikuwa kuendesha pampu ya maji ya kijiji. Maji yalikuwa yameshaacha kuwa ya bure, kila ndoo ililipiwa, na kamati ilimwajiri Chediel awashe injini asubuhi, apokee hela, azime. Mshahara ulitoka siku kamati ilipokumbuka kwamba na yeye anakula. Ndiyo maana akatafuta kitu cha pembeni.

Asubuhi ile shemeji yake Antipasi, mtoto mkubwa wa mzee Filipo, alifika pampuni kwa baiskeli, akashuka bila kusalimia.

"Shemeji, baba ametutoka."

Chediel akazima injini. Kina mama waliokuwa kwenye foleni wakatua ndoo chini, mmoja akajifunga kanga kiunoni, tayari kwa kilio.

"Pole sana, shemeji. Jamani! Si jana tu alikuwa anakunywa uji?"

"Amekunywa uji, amelala, hakuamka." Antipasi akajifuta uso kwa kiganja. "Mimi nakwenda kwa katekista, halafu kwa seremala. Wewe kazi yako ni moja tu. Lete ile picha."

"Picha?"

"Ile uliyowapiga siku ya Pasaka, baba na mama. Tunataka ikuzwe, iwekwe juu ya jeneza, halafu seremala aifungie kioo kwenye msalaba. Baba hana picha nyingine, shemeji. Hata moja."

"Kadi ya kupigia kura?"

"Aliidondosha mnadani, hata haijulikani mbuzi gani aliila." Antipasi akapanda baiskeli. "Afadhali Mungu alitupa mkwe mwenye kamera."

Akaondoka akikanyaga pedali kwa nguvu. Kina mama wakamtazama Chediel kwa heshima ambayo hawakuwahi kumpa alipokuwa akipokea hela za ndoo. Chediel alikuwa ameshika mpini wa injini, moto bado, wala hausikii. Ile picha haikuwepo. Aliifuta kwa kidole chake mwenyewe.

*

Tuseme ukweli, biashara ile tuliiua sisi.

Kamera ya zamani, ya mkanda, ilikuwa na siri. Ukishapigwa hujui umetokaje, na ile hamu ya kujiona ndiyo iliyokufanya ulipe. Kamera ya Chediel ilikuwa na kioo nyuma. Ukipigwa tu, unageuziwa, unajiona. Dorkas, mama mwenye genge la vitunguu, ndiye aliyeanzisha mtindo.

"Hebu nijione. Ee! Kumbe bado nipo. Haya, asante sana, kaka."

"Nikakusafishie mjini?"

"Ya nini tena? Si nimeshajiona?"

Kuanzia hapo kijiji kizima kilijiona bure. Watu walikuja pampuni na nguo za kanisani, wakakaa juu ya ndoo zilizopinduliwa, wakapigwa, wakajiona, wakasifu mashine, wakaondoka na maji yao. Jioni Chediel alirudi nyumbani na betri zilizokufa.

"Leo nimepiga picha nyingi sana," alimwambia mke wake, Klara.

"Wamelipa?"

"Wamefurahi."

"Wamefurahi shilingi ngapi?"

Klara alikuwa na haki ya kuuliza. Kamera ile ilinunuliwa kwa hela ya alizeti, na hela ya alizeti ilikuwa ya mabati. Chediel alimwahidi kwamba kamera itazaa mabati kabla ya masika. Masika yalikuja, mabati hayakuja, na mvua ilipopita kwenye majani ya paa na kudondokea kitandani, Chediel alisogeza beseni na kusema, "Mimi nimefungua kanisa, Mama Selina. Watu wanaingia, wanafurahi, wanatoka. Tatizo sijaweka kikapu cha sadaka." Klara alicheka, kwa sababu mume wake alijua kujicheka. Lakini beseni alilimwaga yeye.

Siku ya Pasaka walikwenda kuwasalimia wakwe. Mzee Filipo alikuwa amesikia habari za kamera, na alikuwa amejiandaa. Alitoka na koti zito la mtumba, amelifunga vifungo vyote mpaka shingoni ingawa jua lilikuwa kali, na kofia yake ya siku ya mnada. Akakaa kwenye kigoda mbele ya nyumba. Mke wake, Mama Evodia, akataka kusimama nyuma yake.

"Njoo ukae hapa," mzee akasema.

"Hapo?"

"Hapa. Kwani pana miiba?"

Watoto wakaangua kicheko. Wazee wale walikuwa wamezeeka pamoja, lakini hapakuwa na mtu aliyewahi kuwaona wamekaa bega kwa bega. Mzee alikula na wanaume, mama alikula jikoni, kanisani huyu upande huu, yule upande ule. Mama Evodia akakaa, kanga ameishika kwenye kidevu. Chediel naye, kwa adabu za mkwe, hakuwa na mazoea ya kumkazia macho mama mkwe. Alipomsalimia aliangalia chini. Siku ile alimwangalia kupitia kwenye kamera, na aliona kwamba mama yule alikuwa anatabasamu kwa macho tu, kama Klara.

"Hiyo haina mkanda?" mzee akauliza.

"Haina, baba. Inaingia kwenye kadi."

"Utaisafisha lini?"

"Wiki ijayo, baba."

Wiki iliyofuata jibu lilikuwa hilohilo, na iliyofuata tena. Ukweli ni kwamba kwenda mjini kuna nauli, na kuchapa kuna gharama, na Chediel alikuwa anasubiri apate wateja wa kutosha ili picha ya wakwe ipande gari pamoja na picha za wanaolipa. Baadaye mzee akaacha kuuliza. Mtu mzima hamdai mkwe kila siku kama anadai chenji.

Kisha ikaja harusi ya binti wa Calist. Calist alikuwa mnunuzi wa alizeti. Tangu chama cha ushirika kilipokufa, yeye ndiye aliyekuwa na mizani, magunia na bei, na sote tulimwamkia hata tuliomzidi umri. Akamwita Chediel apige picha, na Chediel akashona suruali mpya kwa mkopo. Ibada ikaenda vizuri. Ukumbini, maharusi wameshika kisu, keki imewekwa mezani, keki ya ngazi tatu iliyosafirishwa kutoka mjini kwa gari la kukodi, kamera ikaandika kwamba kadi imejaa.

"Vipi, mpiga picha?" Calist akauliza kwa sauti ya ukumbi mzima.

"Sekunde, mzee! Naweka sawa mwanga."

Hakuwa anaweka mwanga. Alikuwa anafuta. Alianza na Dorkas, akafuta watoto wa pampuni, akafuta katekista Damiani na pikipiki isiyo yake, akafuta wote waliojiona bure. Jasho lilikuwa linamwingia machoni. Akafika kwa wazee wawili waliokaa bega kwa bega. Hawa ni wangu, akawaza, hawa wapo, nitawapiga tena hata kesho. Mashine ikamuuliza kama ana hakika. Ilikuwa na adabu kuliko yeye. Akabonyeza. Kisha akapiga keki, mara nyingi, kutoka pande zote.

*

Msibani turubai lilikuwa limeshafungwa. Wanaume walikaa kwenye mabenchi ya kanisa, wanawake walikuwa ndani na nje ya nyumba, na sufuria kubwa zilikuwa zinasuguliwa kwa majivu. Chediel alipoingia uani, alipokelewa kama mtu aliyeleta ng'ombe.

"Huyo hapo," mtu akasema. "Mwenye picha."

Seremala alikuwa ameshachonga msalaba, na katikati alikuwa ametoboa nafasi ya mraba. Akamwita Chediel aangalie.

"Kioo nimekata hivi. Picha itaingia?"

"Itaingia," Chediel akasema, kwa sababu nafasi yenyewe haikuwa na tatizo.

Katekista Damiani akamshika mkono, akautikisa. "Haya ndiyo maendeleo. Wazee wetu walizikwa kama magunia, hata sura hatuzikumbuki. Leo mzee Filipo atatuangalia tukimwimbia." Na yeye alikuwa amefutwa, pamoja na pikipiki. Chediel alimjibu amina.

Ndani, Mama Evodia alikuwa amekaa kwenye mkeka, miguu ameinyoosha, amefunikwa kanga kichwani. Klara alikuwa pembeni yake, macho yamevimba. Chediel akapiga goti mlangoni.

"Shikamoo, mama. Pole sana."

"Marahaba, mkwe wangu. Nimeshapoa." Sauti ilikuwa nyembamba. "Umekuja nayo?"

Wanawake wote wakanyamaza ili wasikie. Hapo ndipo Chediel angesema. Mdomo aliufungua kwa kazi hiyo kabisa.

"Iko mjini, mama. Inasafishwa."

"Mungu akubariki. Nilitaka niione kabla hawajamfunika."

Klara akamtazama mume wake. Alijua kwamba hakuwa amekwenda mjini tangu wiki ya harusi ya Calist. Akanyanyuka polepole, akatoka, akapita nyuma ya zizi, na Chediel akamfuata bila kuitwa.

"Baba Selina, picha iko wapi?"

"Nimeifuta."

"Umeifuta vumbi?"

"Nimeifuta, Mama Selina. Haipo."

Klara alisimama na kitambaa mkononi. Upande wa pili wa zizi wanawake walianza wimbo, na yeye alisubiri mpaka ubeti uishe.

"Ulimtoa baba yangu ukamweka nani?"

Chediel angeweza kusema bwana harusi, angeweza kusema bibi harusi, angalau iwe ni mtu. "Keki," akasema.

"Nini?"

"Keki ya Calist."

Tungependa kusema kwamba Klara alimpiga kofi, ingekuwa afadhali hata kwa Chediel mwenyewe. Hakumpiga. Alikunja kitambaa mara mbili, akakikunjua.

"Mjini kuna watu wa kompyuta," akasema. "Mazishi ni kesho mchana. Nenda. Ukirudi na picha, tutamshukuru Mungu, na mimi nitanyamaza mpaka nife. Ukirudi bila picha, utasema mwenyewe mbele ya watu. Sitakusaidia kusema, wala sitakusaidia kudanganya."

*

Studio aliyozoea Chediel kuchapishia picha ilikuwa jirani na soko la Singida mjini, na mwenyewe aliitwa Sixbert, mtu wa makamo mwenye miwani iliyofungwa kwa waya. Upepo wa Singida ulikuwa unapiga bati za duka na kuingiza vumbi hata kwenye kompyuta, kwa hiyo Sixbert alifanya kazi huku akipuliza kibodi.

"Ulipoifuta, ulipiga nyingine baada yake?"

"Nilipiga keki."

"Nyingi?"

"Ilikuwa ya ngazi tatu."

Sixbert akatikisa kichwa kama daktari. "Picha ukiifuta haiondoki palepale. Inabaki kama kiti ambacho mwenyewe amesimama. Akija mwingine kukaa, basi. Tuombe keki isiwe imemkalia mzee yote."

Akachomeka kadi, akafungua programu. Wakakaa. Mashine ikawa inanguruma na Chediel alikuwa ameshika magoti. Kisha zikaanza kuja, moja moja, kama watu wanaotoka porini. Akaja mbuzi. Akaja Dorkas, mzima, anacheka. Wakaja watoto juu ya ndoo. Akaja katekista na pikipiki. Wote waliojiona bure walirudi bila hata mkwaruzo.

"Umekosa nani hapo?" Sixbert akauliza.

"Wakwe."

Wakwe walikuja mwisho. Kwanza likaja paa la nyasi, kisha kipande cha anga, kofia ya mnada, kanga ya mama, paji la uso, macho mawili, na macho mengine mawili. Hapo ikasimama. Kuanzia puani kwenda chini palikuwa pa kijivu, kama ukuta uliopigwa lipu.

"Endelea," Chediel akasema.

"Imeisha."

"Endelea, ndugu yangu. Bado mdomo."

"Mdomo umekaliwa na keki, kaka."

Sixbert alimwonea huruma, na huruma ya mafundi huwa na ufundi ndani yake. Akavuta kiti karibu. "Mimi naweza kumtafutia mdomo. Hapa nina wazee wengi, wa pasipoti. Tunachukua nusu ya chini ya uso wa mtu, tunaunganisha, tunaweka kivuli. Msibani watu wanakuwa na machozi, hawakagui."

Tusimhukumu Chediel kwa kukubali. Alikubali. Sixbert akabofya, akavuta, akapima, na baada ya muda mzee Filipo akatokea mzima kwenye kioo cha kompyuta. Alikuwa anatabasamu. Meno yalikuwa yote, meupe, yamepangwa, na chini ya kidevu kulikuwa na tai nyekundu.

"Tai ya nani?"

"Ya mwalimu mkuu mmoja, amestaafu. Naweza kuitoa. Meno nayaacha?"

Chediel alimwangalia yule mzee mpya. Mzee Filipo aliyemjua yeye alikuwa na meno machache, akicheka alifunika mdomo kwa mkono, na hakuwahi kuvaa tai. Akamwona akilini mama mkwe amesimama mbele ya jeneza. Mama yule alimsongea ugali mzee yule maisha yake yote, ugali laini, mlenda wa kutosha, kwa sababu ya meno yale. Angejua. Asingesema, lakini angejua.

"Mama atauliza alinunua wapi meno," Chediel akasema, akaanza kucheka. Akacheka sana, mpaka wateja waliokuwa mlangoni wakachungulia. Kisha kicheko kikamgeuka, akaegemea kaunta, akalia kwa sauti, mtu mzima, na kofia ameishika mkononi.

Sixbert akafuta tai, akafuta meno. Akachapa ile nusu kwenye karatasi kubwa, akaiweka ndani ya bahasha.

"Hii sikuchaji," akasema. "Nikikuchaji nitaota."

*

Gari la asubuhi lilichelewa kutoka stendi, na Chediel alifika wakati jeneza limeshatolewa uani. Seremala alikuwa amesimama na msalaba begani na kioo kwapani. Antipasi akaja haraka.

"Afadhali! Lete."

"Shemeji, subiri nizungumze."

"Utazungumza baadaye, padri ana misa nyingine." Antipasi akachukua bahasha, akavuta karatasi. Akaitazama, akaigeuza nyuma, akaitazama tena. "Nusu nyingine iko wapi?"

"Hakuna."

"Hakuna maana yake nini?"

Watu walikuwa wameshasogea. Klara alisimama karibu na mama yake, hakusema kitu, kama alivyoahidi. Chediel akavua kofia.

"Jamani, naomba mnisikilize. Picha niliipiga mimi, na niliifuta mimi. Kadi ilijaa kwenye harusi, nikawa natoa watu waliokuwa hawajalipa. Wakwe hawakuwa wamelipa. Basi nikawatoa. Jana mama aliniuliza, nikamwambia inasafishwa. Nilidanganya. Hiyo nusu ndiyo iliyopatikana."

Antipasi alikuwa anahema kama amepanda mlima.

"Baba yangu alipe? Alikupa mke! Sasa sisi tunamzika baba, wewe unatuletea kofia?"

Mtu mmoja nyuma akaguna, sijui ni kicheko au kilio. Wengi wetu tuliangalia chini. Kwenye lile neno, waliokuwa hawajalipa, tulikuwemo karibu wote pale uani, na Dorkas alianza kujifunga kanga upya bila sababu.

"Ondoka," Antipasi akasema. "Hutashika jeneza. Hutaweka udongo."

Chediel akapiga hatua ya kuondoka. Ndipo Mama Evodia alipokuja, anashikwa huku na huku, akanyoosha mkono. Antipasi akasita, kisha akampa karatasi. Mama akaisogeza karibu na uso, akaipeleka mbali, akaisogeza tena.

"Haya ni macho yake," akasema. "Na haya ni yangu. Alikuwa ananikanyaga mguu siku ile, ndiyo maana nimekaa hivi. Ananikanyaga makusudi, nicheke."

Hapakuwa na mtu aliyelijua hilo. Kwenye picha nzima pia lisingeonekana.

"Mama, hii siwezi kuiweka kwenye msalaba," Antipasi akasema kwa upole.

"Usiweke. Hii nitakaa nayo." Akaikunja kwenye kanga. Kisha akasema maneno machache kwa Kinyaturu, ambayo Chediel, Mnyiramba wa watu, aliyapata nusunusu. Lakini wanaume wawili walimsogezea nafasi kwenye jeneza, upande wa miguu, na yeye akaenda akashika.

Mzee Filipo alizikwa bila picha. Seremala aliziba ile nafasi ya mraba kwa kipande cha mbao, akachoma jina kwa chuma cha moto. Jioni ukoo wa wakwe ulikaa ukamtoza Chediel mbuzi, na Chediel akamleta mwenyewe, mbuzi mzuri kuliko waliyemtaja. Antipasi alimpokea bila kumwangalia.

Siku zilizofuata Chediel aliwasha injini, akapokea hela, akazima. Kamera aliitundika ukutani kwenye mfuko wake. Akiulizwa, alisema, "Mimi siku hizi nauza maji tu. Maji mtu akishayaona bado anayataka." Tulicheka, lakini kwa tahadhari. Nyumbani Klara alimpa chakula, alimjibu akiongea, na usiku alilala ameelekea ukuta.

*

Matanga yalipoanuliwa, mjukuu mmoja alikuja kusema kwamba bibi anamwita Chediel, aje na mashine yake, na Klara aje pia.

Walimkuta Mama Evodia mbele ya nyumba, ameoga, amejipaka mafuta, amevaa gauni la kanisani. Amekaa kwenye kigoda. Antipasi alikuwa anarekebisha uzio wa zizi, akaendelea kurekebisha.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Hiyo mashine ina betri?"

"Inazo, mama."

"Basi nipige. Nataka ya pasipoti na ya kukaa hivi, mzima mzima, na miguu."

Chediel akatoa kamera kwenye mfuko. Kabla hajainyanyua, mama alifungua pindo la kanga, akatoa noti zilizokunjwa ndogondogo, zenye harufu ya tumbaku ya kunusa, akamnyooshea.

"Shika."

"Hapana, mama. Siwezi kupokea hela yako. Naomba usinifanyie hivyo."

"Shika, mkwe. Nimesikia wasiolipa unawafuta."

Alisema bila hasira, kama mtu anayeuliza bei ya chumvi. Nyundo ya Antipasi ikanyamaza. Chediel akamgeukia mke wake amwokoe.

"Pokea," Klara akasema.

Akapiga goti, akapokea kwa mikono miwili. Noti zile zilikuwa nyepesi, na hakujua aziweke mfuko gani. Mwishowe akaziweka kwenye ule wa shati, mbele, ambapo kila mtu angeziona. Kisha akasimama, akapiga. Akapiga uso, akapiga mpaka miguu, akarudia ili awe na uhakika. Alipotaka kugeuza kioo amwonyeshe, mama akakataa kwa mkono.

"Nitaiona ikisafishwa. Kuna nafasi bado humo?"

"Ipo, mama. Kadi ni tupu."

"Mpige na huyu. Nimemlipia."

Chediel akamtazama Klara. Alikuwa amepiga kijiji kizima, mbuzi, ndoo, pikipiki ya watu, keki kutoka pande zote. Alikumbuka mwezi mmoja baada ya mwingine, akitafuta siku moja aliyowahi kumwelekezea mke wake kamera ile iliyonunuliwa kwa alizeti alizopalilia yeye, na hakuipata.

Klara naye alijua kwamba anatafuta. Akajifuta mikono kwenye kanga, akakaa kwenye mkeka karibu na miguu ya mama yake, akanyoosha shingo. Hakutabasamu.

"Angalia hapa," Chediel akasema. "Subiri kidogo. Mkono haujatulia."

"Tulia kwanza," Klara akasema. "Hatuna haraka. Ila kesho asubuhi unapanda gari la mjini."